Ilizimwa Juu Ilidai Uicheki

Maze, shoo zinazimwanga kwa sababu mob. Ganji imeisha, ama star amewasha ngori na produsa, ama gava imeskia imetajwa. Police Squad! ilizimwa juu ati ukitaka ikubambe, lazima uicheki. Hiyo si stori ya jaba. Tony Thomopoulos, bazenga wa vipindi pale ABC huko Marekani, ndiye alitoa hiyo sababu 1982: hii komedi inataka mtu aiangalie ndio aifeel. Gazeti la TV Guide likaandika hakuna stesheni imewahi kutoa sababu fala hivyo ya kudedisha kipindi.

Miaka zaidi ya arobaini wasee wamekuwa wakimchekelea huyo buda. Mimi leo namtetea. Alikosea kuizima, hiyo sikatai, lakini hakuna mse ameisoma hiyo shoo fiti kumliko. Kuna komedi unaeza skiza ukiwa jikoni ukisonga ugali na bado ucheke. Alafu kuna hii. Ukitoa macho kwa skrini sekunde mbili, umelengwa na vichekesho vitatu na hutawahi jua vilipita.

Wacha nikupatie rada kwanza. Police Squad! ni komedi ya makarao. Episodi ni sita peke yake, na hakuna hata moja inafika nusu saa. Ilianza Alhamisi, tarehe 4 Machi 1982, zikapigwa nne, ikatolewa hewani. Zile mbili zilibaki zikakuja kutupwa Julai, saa ile Wamarekani wako likizo na hakuna mtu anashughulika na TV. Ukianza Sunday baada ya lanchi, giza haijaingia umemaliza shoo nzima.

Wenye waliitunga ni machali watatu wa pande za Milwaukee, Wisconsin. Mabrathe wawili, David Zucker na Jerry Zucker, na beste yao Jim Abrahams. Walianza na ka-thieta kao, Kentucky Fried Theater, pale mji wa Madison 1971, alafu wakaihamisha Los Angeles. Wera yao ilikuwa kuchezea TV. Usiku walikuwa wanaacha mashini ya kurekodi ikiwaka hadi che, ndio wapate matangazo ya kuchekelea. Siku moja mashini ikanasa muvi ya 1957 inaitwa Zero Hour!, stori ya ndege yenye marubani wamedishi chakula mbaya wakazima wakiwa hewani. Hiyo muvi ilikuwa imejichukulia serious hadi ikawa inachekesha bila kujua. Wakanunua haki zake, wakaitoa upya 1980 kama Airplane!. Ilikula kama dola milioni 3.5 kuitengeneza, ikarudisha zaidi ya milioni 80 hapo Marekani na Kanada tu. Hollywood yote ikawafungulia mlango.

Wao wakadai kufanyia makarao kenye walikuwa wamefanyia ndege. Stori ya makarao wa TV inajulikanaga venye inaenda: mtu amedishwa risasi, karao amekuja, amebonga na mjane, amebonga na snichi wa mtaa, amepiga mtu pingu, kwisha. Hiyo si muvi ya saa mbili, ni kitu ya nusu saa. Ndio maana wakaipeleka TV. Na hawakuichekelea kutoka nje. Walichukua zile shoo za ukweli, hasa M Squad ya Lee Marvin, yenye ilichezwa 1957 hadi 1960, wakazivaa kama koti.

Cheki venye inaanza. King'ora, taa nyekundu, matarumbeta ya Ira Newborn yanachapa, alafu sauti nzito ya mzee inatangaza jina la shoo na kuongeza ati iko kwa rangi. Hiyo ni 1982! Nani alikuwa anajivunia rangi 1982? Na hiyo sauti ni ya Hank Simms, mtangazaji yuleyule mwenye alikuwa anafungua zile shoo za polisi za produsa Quinn Martin miaka ya nyuma. Hawakutafuta mtu wa kumuiga. Walienda wakamchukua mwenyewe, wakampatia karatasi ya upuzi, naye akaisoma na ile heshima yote ya kazi ya ukweli.

Simms anataja waigizaji. Leslie Nielsen, sawa. Alan North, sawa. Alafu anakuja Rex Hamilton kama Abraham Lincoln. Unaona Lincoln amekaa thieta, risasi inamtoa kofia, anageuka, anachomoa mchuma na yeye anaanza kurudisha. Rais mwenye dunia nzima inajua alipigwa risasi thieta 1865 hapa amekataa. Na huyo Rex Hamilton usimngoje. Kwa stori yenyewe hatokei, si kwa hiyo episodi, si kwa zile zingine tano. Amewekwa hapo kwa sababu shoo za enzi hizo zilikuwa na orodha ndefu ya majina, na hakuna mtu alikuwa anauliza maswali.

Alafu mgeni wa heshima. Kila wiki wanatangaza jina kubwa, na jina likimaliza kutangazwa, mwenye jina anadedi. Georg Stanford Brown anaangukiwa na kasha la pesa. Robert Goulet anasimamishwa mbele ya kikosi cha risasi. Florence Henderson, mathe wa TV mwenye Marekani yote ilimpenda, anapigwa risasi akiwa jikoni. William Shatner anazikwepa risasi zote kama bingwa, anajipongeza na kinywaji, kinywaji kina sumu. Shoo yenyewe haijaanza na mgeni ameshaenda. John Belushi pia alirekodi yake, akizamishwa majini. Lakini akadedi kikweli tarehe 5 Machi 1982, siku moja baada ya episodi ya kwanza kutoka, na hiyo sini ikawekwa kando.

Bado hatujaingia kwa stori. Kichwa cha episodi kinaandikwa kwa skrini, na Simms anakisoma, na vile anasoma sivyo vile imeandikwa. Ile ya kwanza macho yako yanasoma A Substantial Gift, masikio yanaskia The Broken Promise. Hakuna mtu anaeleza. Ukiwa unaskiza tu huwezi jua kuna kitu imeharibika. Ukiwa unaangalia na sauti umezima, pia huwezi jua. Hicho kichekesho kinataka macho na masikio saa moja, alafu kinapita na hakirudi nyuma kuuliza ka umekiget.

Sasa Leslie Nielsen. Huyu mzae alizaliwa Regina, Kanada, 1926, na kwa miaka kama thelathini hakuwahi kuwa mtu wa vichekesho. Alikuwa na ile nywele ya mhubiri na sauti ya meneja wa benki. Forbidden Planet ya 1956, yeye ndiye kamanda wa chombo cha angani. The Poseidon Adventure ya 1972, yeye ndiye kapteni wa meli yenye inapinduka. Watu wa Airplane! walimchukua kwa hiyo sababu tu. Waliwatafuta wasee wenye sura haijawahi kucheka, wakawaambia wasome laini ka wako kwa msiba. Wakati anaingia Police Squad! kama Frank Drebin alikuwa na miaka 56. Hata cheo chake hakieleweki: anajiita sajini na luteni wa upelelezi, zote mbili, na anasema hivyo bila aibu.

Drebin hajawahi kujua ako kwa komedi. Hiyo ndiyo siri yote, na ndiyo kitu wasee wengi wa skits mtaani hawaamini. Anaenda kumpa mjane pole, anamwambia tulidai kukuja mapema lakini saa hiyo mzee wako alikuwa bado ako hai. Anasema hiyo na huruma ya kweli. Ananyooshea mtu pakiti, "Fegi?", na yule mwingine anaangalia na kujibu eeh, ni fegi. Wanaendelea na mahojiano. Hakuna mtu ametoa jicho, hakuna mtu ameinua nyusi, kamera haijakimbilia sura ya mtu kukuonyesha kwamba hapa ndio ucheke. Inspekta Mwala wetu wa Citizen ananibamba, na Davis Mwabili mwenye anamcheza ana sura yenye inaeza chekesha ikiwa imelala. Lakini Mwala anachezea watazamaji, uso wote ukifanya kazi. Drebin uso wake uko likizo. Dunia yenye anaishi ndani ndio imeharibika, na yeye ndiye mtu wa mwisho kuambiwa.

Hiyo dunia imejaa hadi pembeni. Makarao wanapanda lifti, lifti inafunguka katikati ya safari, jamaa mwenye nguo ya kuogelea anatoka na kupiga mbizi, mlango unafungwa, wao wanaendelea kubonga kuhusu kesi. Kuna karao anaitwa Al, mrefu hadi kichwa hakijawahi kuingia kwa picha. Mtu wa maabara, Ted Olson, kila ukimpata ako na mtoto wa watu akimfunza sayansi yenye mzazi yeyote angempigia kelele. Drebin na mwenzake wakitoka chumba kimoja wakienda kingine, mwenzake anapita mlangoni kama binadamu, Drebin anazunguka mwisho wa ukuta, juu hiyo si nyumba, ni seti, na seti haina upande wa nne. Wanabonga njia yote. Episodi moja kuna vita ya risasi, watu wamejificha wakitupiana chuma, alafu kamera inarudi nyuma unaona wako karibu hadi wangeeza salimiana.

Kenye kinaniuanga zaidi ni mapipa. Drebin akifika mahali na ndai yake, anapaki kwa kugonga mapipa ya taka. Na idadi ya mapipa inaenda ikipanda na namba ya episodi. Sasa niambie, nani alikuwa anahesabu mapipa 1982? Ungejuaje? Episodi imepita Alhamisi, imeenda, hakuna kurudisha nyuma, hakuna mtu wa kukutumia klipu. Hawa machali waliweka kichekesho chenye kinahitaji mtazamaji akumbuke pipa la wiki iliyopita. Huo ni wazimu. Ama ni heshima, sijui uiite aje. Ni ka mpishi ameweka nyama chini kabisa ya sufuria na hajaambia mtu.

Alafu kuna Johnny, mng'arisha viatu. Huyu ndiye angekuwa star wa mtaa. Kila shoo ya makarao ina snichi mwenye anajua vitu za chini ya maji, na hapa ni Johnny, amechezwa na William Duell. Drebin anakaa, anaeka kiatu, anauliza nini inasemwa huko nje. Johnny anasema hajui kitu. Drebin anatoa noti. Johnny anamwaga kila kitu, majina, mahali, sababu, na maelezo yenye hata profesa wa chuo hawezi toa. Anaongezwa noti ingine, anaongeza ingine. Fiti. Hiyo ni kichekesho ya kawaida, na kwa nchi yenye karao na noti wanajuana tangu zamani, hakuna haja nikueleze. Lakini Drebin akitoka, kamera haitoki. Inabaki na Johnny. Na anakuja daktari wa upasuaji, na wasiwasi, anauliza venye atapasua moyo wa mgonjwa. Johnny: sijui kitu kuhusu hiyo. Noti. Johnny anamwelekeza, hatua kwa hatua. Wiki ingine ni padri, anadai kujua ka kuna maisha baada ya kifo. Wiki ingine ni Dick Clark mwenyewe, mtangazaji mwenye alikuwa anafunza Marekani ngoma mpya miaka yote, amekuja kwa mng'arisha viatu kuulizia muziki wa ska. Dr. Joyce Brothers, mwanasaikolojia wa TV, pia alikuja. Yani wale wenye wanajua kila kitu kwa TV, kumbe wananunua kwa Johnny.

Na sasa mwisho wa episodi, hapa ndipo nadai tukae kidogo, juu ni hapa hii shoo iliacha wenzake mbali.

Unajua zile shoo za makarao za kizamani venye zilikuwa zinaisha. Kesi imefungwa, wako ofisini, mmoja anarusha ka-mzaha, wote wanacheka, na picha inaganda wakiwa wamefungua midomo. Majina yanapita juu yao. Police Squad! inaisha hivyo pia. Mzaha, kicheko, wanaganda. Lakini picha haijaganda. Ni watu wameganda. Leslie Nielsen na Alan North wamesimama tuli, wameshikilia meno nje, wakijaribu kutopepesa macho, na dunia inaendelea. Mmoja alikuwa anamiminia mwenzake kahawa. Yeye ameganda, kahawa haijaambiwa. Inajaa kikombe, inamwagika, inaendelea kumwagika, na hao wanatabasamu tu. Wiki ingine ni jambazi wamemshika. Yeye hajui mambo ya kuganda. Anaangalia huyu, anaangalia yule, anashangaa wamekuwa aje, alafu akili inamuingia: anaanza kutafuta njia ya kuhepa. Wiki ingine ni sokwe, na sokwe hana adabu, anatupatupa makaratasi. Kuna siku karao mwenzao, Norberg, anaingia ofisini amechelewa, anakuta wenzake wamekuwa sanamu, anachanuka, na yeye haraka anatafuta mahali pa kuganda.

Cheki hiyo ya Norberg vizuri. Huyo karao anajua shoo imeisha. Anajua kuna kitu inaitwa mwisho wa shoo na kila mtu anafaa kuganda. Dakika ishirini na kitu zimepita hakuna mse kwa hiyo ofisi anajua ako kwa TV, alafu ghafla, kwa majina ya mwisho, saa yenye wewe ushasimama kutafuta slipas, shoo inakiri ni shoo. Na haikiri kwa maneno. Hakuna mtu anageukia kamera kukukonyezea.

Hiyo ya kukonyeza imeniboo, nikuambie ukweli. Siku hizi kila komedi inajijua. Kila mse anaangalia kamera, anavuta sura, anasema "najua hii ni ujanja wa skripti." Kujijua kumekuwa ka uvivu: ukisema mwenyewe kwamba mzaha wako ni mbaya, hakuna mtu atakulaumu. Police Squad! ilijijua na ikanyamaza. Ilikuwa inachekelea fomu yenyewe, ukuta wa seti, sauti ya mtangazaji, mgeni wa heshima, picha ya mwisho, na haikukubeba mkono. Ukiona, fiti. Ukikosa, hiyo ni yako.

Na ndio maana ilianguka. TV ya Marekani 1982 haikuwa ya kuangaliwa, ilikuwa ya kuwashwa. Stesheni kubwa zilikuwa tatu, ABC, CBS na NBC. Inawaka jioni, mathe anapiga pasi, watoi wanagombana kwa kapeti, buda amelala na gazeti kifuani. Komedi zilikuwa zinajua hivyo, na ndio zikawekwa vile vicheko vya kubandika. Hivyo vicheko havikuwa mapambo. Vilikuwa kengele. Ukiskia umati umecheka, unainua kichwa, unapata mzaha ukiisha, unacheka na wengine, unarudi kwa pasi. Police Squad! haikuwa na kicheko hata kimoja cha kubandika. Mtu anapiga pasi, anaskia makarao wanabonga na sauti nzito, tarumbeta, mlango, gari. Anafikiria ni shoo ya makarao. Hakuinua kichwa. Kwa nini ainue? (Huku kwetu wazae wetu walikuwa na stesheni ya VoK peke yake, na hiyo ilikuwa inaangaliwa na ploti nzima kupitia dirisha la jirani. Hao wangehesabu mapipa.)

Mashini za kurekodi zilikuwa kwa keja chache sana. Hivyo hata yule mse mmoja mwenye aliinua kichwa na kuona kitu ya maajabu imepita, hakuwa na njia ya kurudisha aonyeshe beste yake. Kesho yake kazini anaeleza, "kulikuwa na jamaa wameganda na kahawa," na wenzake wanamwangalia wakifikiria amebugia kitu.

Watu wa kazi waliona lakini. Mwaka huohuo Nielsen aliteuliwa kwa tuzo za Emmy kama mwigizaji mkuu wa komedi, na ile skripti ya kwanza ya Zucker, Zucker na Abrahams pia ikateuliwa. Shoo yenyewe ilikuwa ishazikwa.

Kenye kilifuata unakijua hata ka hukijui. Desemba 1988 walichukua Drebin, wakamuingiza kwa muvi: The Naked Gun. Hiyo ndiyo watu wa huku waliona, kwa kaseti za kukopesha na baadaye kwa sidii za barabarani. Nielsen akiwa na miaka 62 akawa star wa dunia. Norberg akabadilishwa akawa Nordberg, akachezwa na O.J. Simpson, na hiyo nayo ni stori ingine. Muvi ya pili ikatoka 1991, ya tatu 1994. Vichekesho vingi vya hizo muvi vilitolewa moja kwa moja kwa zile episodi sita. Yani kitu ilifeli kwa sebule ikafaulu kwa sinema, na vichekesho ni vilevile. Tofauti ni nini? Kwa sinema taa zimezimwa, umelipa, na hakuna pasi. Umekaa. Unaangalia. Thomopoulos alikuwa amesema hivyo tangu mwanzo, tu alisema kama lawama.

Matt Groening, yule wa The Simpsons, amewahi kusema Police Squad! ingetoka miaka ishirini baadaye ingewaka vibaya, juu mtazamaji wa 1982 hangeweza kuikimbiza hiyo kasi. Namheshimu, na ni ukweli The Simpsons imejaza vichekesho vya nyuma ya picha kila mahali na watu wakajifunza kusimamisha kanda kuvisoma. Lakini hapo kwa watazamaji kuchanuka, mimi siko na yeye sana. Watu hawakuwa mafala 1982. Walikuwa bize na hawakuwa na kitufe cha kurudisha nyuma.

Na leo? Kila mtu ana kitufe. Pia kila mtu ana simu mkononi. Tumerudi palepale kwa pasi, isipokuwa sasa pasi ni TikTok. Shoo inacheza kwa TV, kidole kinapanda na kushuka kwa simu, na mtu anauliza, "Ati nini imehappen?" Kuna shoo mob mpya zenye waigizaji wanakuelezea kila kitu wanafanya, "sasa naenda kufungua mlango," juu produsa anajua hauangalii. Hiyo ni kengele ya vicheko imerudi na nguo ingine. Drebin mpya naye alikuja Agosti 2025, Liam Neeson akicheza mtoto wa yule Drebin wa zamani, Akiva Schaffer akiwa dairekta. Walifanya jambo moja la akili: walimchukua tena mse mwenye sura haijawahi kucheka. Na ilienda sinema, si sebuleni.

Kwetu huku, mse mwenye alikaribia hii akili ni DJ Afro, mtafsiri wa muvi. Amekaa ndani ya muvi ya wenyewe, anawapatia mastaa majina mapya, anawashauri, anawachekelea, na muvi yenyewe haijui ako ndani. Sauti moja inasema kitu, picha inasema ingine, na kicheko kiko hapo katikati. Simms alikuwa anafanya hiyo 1982 akisoma kichwa kibaya cha episodi. Mtu akiniambia vijana wa Kanairo hawawezi kuget Police Squad!, namuuliza ka amewahi ingia kwa kibanda cha muvi Jumapili.

Si kila kitu imezeeka poa. Kuna mzaha wa bustani ya Kijapani wenye leo unakufanya uangalie chini. Na ile kucheza na majina ya watu kwa episodi ya kwanza, yenye shahidi na karao hawaelewani nani alianguka na nani anaitwa nani, ni ndefu kiasi na inakudai uwe unaskia ngeli vizuri. Pia nadhani sita zilitosha. Hakuna kikundi cha watu watatu kinaweza kupika vitu zimejaa hivyo kila Alhamisi kwa miaka mitano. Kufikia ya thelathini wangekuwa wanajirudia, na leo tungekuwa tunaiongelea kama shoo ya kawaida yenye ilianza poa. Thomopoulos aliiua mapema na kwa bahati akaiacha ikiwa safi.

Kwa hivyo, ka unadai kuicheki, ilitolewa kwa DVD 2006, zote sita pamoja. Anza na ya kwanza, fuata mpangilio ndio mapipa yakubambe. Tenje iache kwa rum ingine. Usipike. Na majina yakianza kupita usiguse rimoti, juu hapo ndio kahawa inamwagika.